Kisima cha Mama Frankline

Nilipohamishiwa Shule ya Msingi ya Ramoya mwaka wa 2009, jambo la kwanza aliloniambia mwalimu mkuu halikuhusu madarasa wala watoto. Aliniambia nisithubutu kunywa maji ya ziwa. Akanionyesha njia inayopanda nyuma ya vyoo vya shule, akasema nikifika penye boma lenye ua wa minyaa niingie tu. Hapo ndipo kwa Mama Frankline, na maji yake ni safi kuliko ya mjini.

Nikaenda na mtungi wangu wa lita ishirini. Mwenye boma alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, wa miaka thelathini na tano hivi, amevaa fulana ya bluu ya wahudumu wa afya wa kijiji. Jina lake hasa ni Agneta. Kabla sijashika mpini wa pampu alikuwa amekwisha kuniuliza kama nyumba niliyopanga ina choo, kama nina chombo chenye mfuniko cha kuwekea maji, na kama ninanawa kwa sabuni au kwa maji matupu. Nilimjibu huku nikicheka. Yeye hakucheka. Alinipa kikombe, nikanywa nikiwa nimesimama. Mimi ni mtu wa Bungoma, nimelelewa kwa maji ya chemchemi, lakini sikuwa nimewahi kuonja maji baridi na mepesi kama yale.

Nimeyanywa miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia siyasimulii kama mpita njia.

Ramoya ni kijiji cha mteremkoni, kati ya Bondo mjini na ziwa. Kutoka kwa Agneta hadi ufukweni ni mwendo wa dakika arobaini kwenda, na wa saa nzima kurudi ukiwa umebeba maji. Zamani wote waliteka huko huko, mahali ng'ombe wanaponyweshwa na watu wanapooga. Mvua za mwaka wa 2002 zilifurisha vyoo vya ufukweni, na kipindupindu kikapanda mlima pamoja na mitungi. Frankline, mtoto wa kwanza wa Agneta, alikuwa na miaka saba. Alfajiri alianza kuharisha. Adhuhuri macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Jua lilipoanza kushuka Agneta alikuwa anaifunga taya ya mwanawe kwa leso. Mumewe, Mathews, alikuwa mwashi akijenga nyumba za watu Kisumu. Alifika kesho yake akakuta kaburi limekwisha kuchimbwa.

Mathews hakuwa mtu wa maneno mengi. Matanga yalipokwisha alimwambia mkewe kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayekunywa ziwa. Akamtafuta mchimba visima mmoja wa upande wa kwetu, jina lake Waswa, wakaanza kuchimba. Udongo uliisha kwenye futi ya kumi. Chini yake ni mwamba mtupu. Walichukua karibu miaka miwili kwa patasi na nyundo, Mathews akirudi kutoka Kisumu kila Jumamosi kushuka shimoni pamoja na Waswa. Mwamba wenyewe ulikuwa na vichembe vya manjano vinavyometa, na kwa kuwa vilima vya jirani vina machimbo ya dhahabu, watu walimtania Mathews kuwa atatajirika kabla hajapata maji. Waswa aliwaambia hiyo si dhahabu, ni jiwe tu linalojifanya dhahabu. Kwenye futi ya sitini na tano maji yakaja. Mwaka huo huo akazaliwa binti yao Sheryl.

Kisima hakikufungiwa mtu. Agneta alikuwa na sharti moja tu: uje na chombo kilichooshwa. Serikali ilipoanza kufundisha wahudumu wa afya wa kijiji, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha, akapewa fulana, begi na daftari la kuandikia nyumba mia moja. Alizipita zote, mvua au jua. Aliwafundisha akina mama kuchemsha, kufunika, kutia dawa ya maji, na zaidi ya yote kuacha ziwa na kuja kwake. Watu wengine walimwona msumbufu. Lakini mwaka wa 2015 kipindupindu kiliporudi kwenye fuo za jirani, Ramoya hakikuingia hata nyumba moja. Siku ile nesi wa zahanati alipolitaja hilo mbele ya baraza la chifu, nilimwona Agneta anainamisha kichwa na kufuta macho kwa upindo wa fulana yake.

Nyumba iliyomshinda kwa muda mrefu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya ukoo wake mwenyewe. Opiyo, mtoto wa ndugu yake Mathews, alikuwa ameoa msichana wa ufukweni aitwaye Dorca. Dorca alizaliwa kwa wauza omena, wale dagaa wa ziwani, akakulia majini, na alisema maji ya kisima hayana ladha, ni kama kulamba jiwe. Agneta alimwendea mara tano, mara sita. Mara ya saba alibeba mtungi uliojaa maji ya kisima hadi kwa Dorca, akainua sufuria ya maji ya ziwa iliyokuwa mlangoni, akaimwaga yote chini, akamjazia maji yake. Kwa desturi Dorca hakuweza kumjibu, maana Agneta alihesabiwa mama mkwe wake. Tangu siku hiyo akawa anateka kisimani kama sisi wengine.

Mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitano. Ya pili ilifika miezi saba, nayo ikatoka. Mara zote mbili Agneta ndiye aliyempeleka Bondo, akamshika mkono, akarudi naye, na akawa anamkumbusha kila asubuhi anywe maji mengi ili mwili upate nguvu.

Sijui nianzie wapi kusimulia namna ulivyoingia ugonjwa, kwa sababu haukubisha hodi. Mathews aliota vijipele vigumu viganjani, vidogo kama punje za wimbi. Yeye ni mwashi, anashika saruji kila siku, nani angeshangaa? Baadaye kifuani kwake kukatokea madoadoa, mengine meusi, mengine meupe, kama vumbi lililonyeshewa na manyunyu. Agneta akaanza kulalamika kuhusu nyayo. Alisema anahisi kama anatembea juu ya siafu, kisha siafu wakaondoka na ganzi ikabaki. Mimi nilipata madoa mabegani, nikanunua mafuta sokoni, nikapaka. Kila mtu kijijini alikuwa na kidonda chake, kikohozi chake, mafuta yake.

Wazee wa ukoo walisema ni chira. Chira, kwa watu wa huku, ni ugonjwa unaomla mtu taratibu kwa sababu mwiko umevunjwa, na wao walisema Mathews alivunja mwiko alipochimba ardhi ya boma akiwa bado na msiba wa mtoto. Walimchemshia manyasi, ile mitishamba ya kuondoa chira, akanywa mwezi mzima. Manyasi yenyewe yalichemshwa kwa maji ya kisima.

Mwaka wa 2019 shimo la wachimba dhahabu lilibomoka likamfukia Opiyo na wenzake wawili. Dorca alikuwa mjamzito tena, na safari hii mtoto alizaliwa hai, miezi miwili baada ya maziko. Wakamwita Achola, jina la msichana anayezaliwa baba akiwa amekwisha kufa. Katika mwaka huo pia Mathews alipata kidonda chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Agneta alikiosha kila siku kwa maji aliyoyachemsha na kuyapoza mwenyewe, akakifunga kwa kitambaa safi, kwa utaratibu wote aliofundishwa. Miaka mitatu alikiosha. Kidonda kilizidi kupanuka, kingo zake zikapanda kama mdomo wa chungu.

Mapema mwaka wa 2022 alikuja msichana mmoja, Emmaculate, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Bondo. Alikuwa anakusanya maji ya visima thelathini kwa ajili ya utafiti wake wa digrii. Agneta alimpokea vizuri, akamwambia asipoteze chupa yake hapo, kisima hiki ni safi kuliko vyote atakavyovipata. Emmaculate akatabasamu, akajaza chupa, akaibandika karatasi yenye namba, akaenda zake.

Alirudi mwezi wa tano. Agneta alikuwa ameniita nije, maana alidhani msichana analeta cheti cha usafi wa kisima na alitaka mwalimu awepo wa kukisoma. Tuliketi sebuleni, mimi, Agneta, Mathews na mkono wake uliofungwa. Agneta alimwekea mgeni bilauri ya maji mezani. Emmaculate aliiangalia, akaisogeza kando kidogo kwa vidole viwili.

"Naomba nisinywe, Mama," alisema. "Na nyinyi pia, naomba msinywe tena."

Akanipa barua. Ilikuwa ya Kiingereza, nami niliisoma kimya kwanza, kisha nikawaelezea pole pole kadiri nilivyoweza. Maji yalikuwa na sumu inayoitwa aseniki. Kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa ni mikrogramu kumi kwa lita. Cha kisima kile kilikuwa mia moja na themanini. Emmaculate alieleza kwamba sumu hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hukaa ndani ya aina fulani ya miamba, hasa ile ya sehemu zenye dhahabu, na maji yanayolala kwenye mwamba huo huibeba kidogo kidogo. Haiui kwa siku moja wala kwa mwaka. Huanza na viganja na nyayo, na madoa kifuani, na baadaye huja saratani.

Mathews aliuliza swali moja. "Nani ameiweka?"

"Hakuna aliyeiweka, Baba. Imo mwambani tangu dunia iumbwe."

"Basi ni mimi niliyeifungulia," Mathews akasema.

Agneta alikuwa amemkazia macho Emmaculate. Alimwambia kuwa yeye huyachemsha maji yote ya kunywa. Emmaculate akasema kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, sumu inabaki pale pale, hata inazidi ukali. Agneta akauliza kuhusu dawa ya maji. Haiondoi. Kuchuja kwa kitambaa? Hakuiondoi. Kuyaacha yatulie usiku kucha? Hapana. Aliuliza juu ya kila kitu alichowafundisha watu kwa miaka kumi na mitano, kimoja baada ya kingine, na msichana yule alitikisa kichwa kwa kila kimoja, mpaka mwishowe naye akaanza kulia.

Iko mitambo ya kuondoa aseniki, Emmaculate alisema, na aliahidi kuandika barua kwa mashirika. Najua kuwa aliziandika, kwa sababu alinitumia nakala. Shirika moja lilituma watu wawili, wakapiga picha za viganja vyetu, wakaondoka.

Kesho yake asubuhi Agneta alivaa fulana yake akatoka na daftari. Alianza nyumba ya kwanza kwenye orodha, akamaliza ya mwisho siku ya tisa. Alisema maneno yale yale kila mlango: maji niliyowaambia mnywe yana sumu, acheni kuyanywa. Wapo waliofikiri amerukwa na akili. Wapo waliosema kuna mtu anataka kuleta maji ya kuuza na amemnunua. Mzee mmoja alimwuliza, kwa upole tu, sasa tunywe nini. Agneta alimwambia anywe ya ziwa, ayachemshe sana.

Kwa Dorca alinitaka nimsindikize. Tulimkuta anaanua omena, Achola amekaa kwenye gunia, ana miaka mitatu. Agneta alisema maneno yake. Dorca alimsikiliza bila kusimamisha mikono, kisha mikono ikasimama.

"Wale wawili," aliuliza. "Ni maji?"

"Sijui, nyathina," Agneta alimjibu. Nyathina ni kusema mwanangu. "Yule msichana amesema inaweza kutokea."

Dorca aliangalia kizingiti cha nyumba yake. "Ulimwaga maji yangu, Mama. Hapa hapa mlangoni."

Hakupaza sauti, akarudia omena zake. Agneta alisimama akisubiri, nadhani alikuwa anasubiri kutukanwa, na lilipokosekana tusi aligeuka tukaondoka. Njiani alijikwaa mara mbili, kwa ile ganzi ya nyayo. Jioni hiyo Dorca alionekana akishuka ziwani na mtungi.

Wiki mbili baadaye naibu wa chifu na wenzake walikuja na mnyororo na kopo la rangi nyekundu. Walichora alama kwenye saruji ambayo Mathews aliisakafia kwa mkono wake, wakafunga mpini wa pampu kwa kufuli, na ufunguo wakamwachia Agneta kwa kuwa ndiye mwenye boma. Waliahidi lori la maji kila Jumanne. Lori lilikuja Jumanne tatu. Kisha barabara ikaharibika, au lori likaharibika, tulisikia yote mawili.

Mathews alipelekwa hospitali kuu ya Kisumu. Huko walimwambia kile si kidonda, ni saratani ya ngozi, wakamkata mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko. Madaktari walifanya kazi yao. Ni kwamba vivimbe vilikuwa vimekwisha kufika kwapani. Alirudi nyumbani mwezi wa kumi. Alikaa kwenye kiti chake akiwa ameupa uwanja mgongo, ili asikione kisima. Kufikia Februari hakuweza tena kumeza chakula, na maji ya ziwa, hata yakichemshwa, yalikuwa na harufu ya tope iliyomtapisha. Siku tatu za mwisho aliomba kitu kimoja tu, kikombe cha maji ya kisima chake.

Agneta alikataa. Alimbembeleza kwa maji ya ziwa yenye ndimu, alimlowesha midomo kwa kitambaa, lakini kufuli hakuifungua. Mathews alikufa akiwa na kiu. Tulipokuwa tunaosha vyombo baada ya maziko, Agneta aliniuliza, "Mwalimu, mtu anayekufa, ile sumu ingemfanya nini tena?" Nilimwambia alifanya alivyojua. Aliendelea kusugua sufuria ile ile mpaka Sheryl, aliyekuwa amekuja kutoka Kisumu kwa maziko, akamwondolea mikononi.

Sheryl alitaka kumchukua mama yake. Yeye ni mpishi msaidizi katika hoteli moja, anaishi mtaa wa Nyalenda, huko huko Kisumu, katika chumba kimoja na wasichana wengine wawili. Agneta alimwambia hawezi kuondoka akiwaacha watu na maji aliyowaambia wanywe. Alimaanisha ya ziwa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na kila siku alikuwa anapita nyumba akiwakumbusha kuchemsha. Kuni zilikuwa zimelowa kila mahali. Alijua kuwa hawachemshi.

Kipindupindu kilifika mwezi wa tano. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Dorca.

Achola ndiye aliyekuja kumwita, peke yake, miguu mitupu, saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa njiani kwenda shule, nikamwona Agneta anakimbia na begi lake, nikamfuata. Dorca alikuwa amelala sakafuni karibu na beseni. Macho yalikuwa yamezama. Agneta alipiga simu ya bodaboda, akatoa begini pakiti za chumvi za kuwanywesha wanaoharisha, akafunua sufuria ya maji: tupu. Akafunua mtungi: maji ya ziwa, mabichi, yale yale yaliyomwangusha. Kuyachemsha na kuyapoza kungechukua nusu saa, na kuni zilikuwa mbichi.

Aliinuka akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni akivuka uwanja kuelekea bomani kwake, akipapasa ufunguo shingoni alikoufunga kwa uzi. Alirudi na jagi limejaa. Maji yalikuwa maangavu kama siku ile nilipoyanywa mara ya kwanza. Alichanganya chumvi, akamwinua Dorca kichwa, akamwekea kikombe mdomoni.

Dorca alikuwa ameona. Alifumba midomo.

"Ni ya kisima," alisema.

"Kunywa, nyathina. Leo kunywa. Haya hayaui leo."

"Uliniambia nisiyanywe."

"Nilikuambia. Sasa nakuambia kunywa."

Dorca aligeuza uso ukutani. Agneta alimsihi kwa Kiluo na kwa Kiswahili, alikunywa yeye mwenyewe nusu kikombe mbele yake ili aone, akamshika taya kwa nguvu kama anavyoshikwa mtoto. Maji yalimiminika shingoni. Nami nilimwomba, nikamwambia habari ya Achola. Sijui kama alikuwa anatusikia wakati huo au ni mwili tu uliokuwa umeshikilia jambo la mwisho ulilolijua. Pikipiki ilipofika tulimpandisha katikati ya dereva na Agneta, amefungwa kwa leso asianguke. Walikuwa hawajafika lami ya Bondo Agneta alipomwambia dereva apunguze mwendo, hakuna haraka tena.

Walikufa wanne mwezi ule. Baada ya Dorca nilifikiri Agneta angerudisha kufuli. Hakuirudisha. Mnyororo ulibaki umelala kwenye matope, na siku ya tatu watu wakaanza kuja na mitungi, kwanza wachache, wakitazama pembeni kama wezi, kisha wote. Agneta aliwaona kutoka mlangoni kwake. Hakuwauliza kama wameosha vyombo. Jirani mmoja alimweleza, kama anayeomba radhi, kwamba ya huku yanaua mtu mzima akiwa amekwisha kulea watoto, na ya kule yanaua mtoto kesho. Agneta alimwambia, "Chota."

Wiki iliyofuata alikwenda zahanati akarudisha fulana, begi na daftari. Nesi, ambaye ndiye yule aliyemsifu barazani, alimwuliza kwa nini, akamwambia kuwa wanamhitaji sasa kuliko wakati wowote. Nesi mwenyewe ndiye aliyenisimulia jibu alilopewa.

"Nimewaambia watu mambo mawili katika maisha yangu," Agneta alisema. "Niliwaambia wanywe, na niliwaambia wasinywe. Nimezika kwa yote mawili. Sasa mtafute mtu mwingine awaambie."

Achola hakuwa na mtu mwingine. Upande wa mama yake ufukweni walikuwa nao wamezika, na upande wa baba aliyebaki ni Agneta. Sheryl aliahidi kumchukua mtoto Nyalenda atakapopata chumba chake, maana huko kuna mfereji wa pamoja wa maji ya kampuni, na ingawa kuna foleni, angalau yamepimwa. Alisema mwezi wa nane. Mwezi wa nane hoteli ilipunguza wafanyakazi, Sheryl akawa mmoja wao. Sasa anafua nguo za watu, na habari ya chumba haijatajwa tena.

Agneta aliweka pipa chini ya mabati kukinga maji ya mvua, na aliyatenga kwa ajili ya Achola peke yake. Yeye mwenyewe anakunywa ya kisima. Nilipomwuliza alisema yeye ameshayanywa. Lakini pipa ni moja na kiangazi cha huku ni kirefu. Kufikia katikati ya Januari ukilipiga linalia. Hapo inabidi achague, na ameniambia kuwa ameichoka akili yake yenyewe, kila asubuhi anaamka akiwa amechagua ziwa, na akifika uwanjani anakumbuka ile sufuria tupu ya Dorca.

Mwaka huu Achola ameingia darasa la watoto wadogo shuleni kwetu. Ni mtoto mtulivu, anapenda kupanga mawe. Kila mtoto anatakiwa kuja na maji yake ya kunywa, na yeye huja na chupa ya plastiki iliyooshwa vizuri, kifuniko kimefungwa kwa uzi kisipotee. Juma lililopita nilikuwa na zamu ya uwanjani, jua ni kali, akanifuata kivulini akaninyooshea chupa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, utakunywa?"

Nilimwuliza bibi ameyatoa wapi leo. Alisema hajui, bibi alimjazia yeye akiwa bado amelala. Nikaishika chupa, nikaitazama kwenye mwanga, kana kwamba macho yangu yangeweza kuona kitu. Kisha kengele ikalia, nikamrudishia, akanywa mafunda mawili akakimbilia mstarini.